Zefe ya Mita Mia Mbili

Ukitaka kujua kama zefe ya Maulidi imepangwa ikapangika, usisimame mbele penye bendera na wageni waalikwa. Mbele hupendeza siku zote. Simama katikati, uangalie miguu.

Nazungumzia zefe za mwezi wa mfunguo sita, zinazopita mitaa ya Malindi na Mambrui, na ile kubwa ya Lamu ambayo wengi wetu huku pwani tumeifanya kipimo. Lamu ndiko Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija aliyefariki mwaka 1935, alikoupa mtindo huu nguvu: kisomo cha Maulidi ya al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, pamoja na matwari, ngoma za kushikwa mkononi. Baadhi ya wakubwa wa mji hawakulipenda jambo hilo hata kidogo. Mabishano yale nawaachia masheikh. Ninachochambua hapa ni kazi yenyewe: mamia ya watu wanapitishwaje kwenye vichochoro kwa mdundo mmoja?

Ukweli ni kwamba hawapitishwi kwa mdundo mmoja, na anayejaribu huharibu. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Zefe ikiwa na urefu wa mita 200, pigo la twari la mbele humfikia wa mwisho baada ya nusu sekunde na kitu. Sasa chukua kasida inayokwenda kwa mapigo 100 kwa dakika; kati ya pigo na pigo pana sekunde 0.6. Aliye mkiani, basi, amechelewa karibu pigo zima. Mguu wake utashuka sawa na wa mbele, ila neno analoimba wenzake wameshalivuka. Mwenye taabu hasa ni wa katikati, mita 100 kutoka mbele: huyo amechelewa nusu pigo, mguu wake unapanda wa mbele wanapokanyaga. Ndiyo maana katikati ya zefe iliyoachwa ijiendee yenyewe hujikunja, watu hukanyagana visigino, na wasimamizi huanza kupiga kelele wakidhani vijana hawana adabu. Adabu wanayo. Wanatii wanachokisikia.

Wazee walilitatua hili bila hesabu. Kila madrasa huja na matwari yake, safu zake mbili na waimbaji wake, na kuna nafasi kati ya kundi na kundi. Vijana arobaini katika safu mbili hawazidi mita 20 hivi. Kutoka mwanzo hadi mwisho wao sauti huchelewa kwa sekunde 0.06 tu, na sikio husamehe. Kwa hiyo zefe nzuri si kitu kimoja kirefu. Ni zefe ndogondogo zinazofuatana, kila moja na moyo wake.

Kinachobaki ni kuzitenganisha, na hapo mji wenyewe unasaidia. Ukuta wa mawe ya matumbawe humeza mdundo mara kundi linapokata kona. Msimamizi anayejua kazi hujiweka konani, hulisikiliza kundi lililotangulia mpaka matwari yake yafifie, ndipo huliachia linalofuata. Kwenye barabara pana ya lami hakuna ukuta wa kumsaidia. Pale inambidi aache nafasi kubwa zaidi, na watazamaji hulalamika kwamba zefe imekatika. Waache walalamike.

Adui wa mpango huu ni pikapu yenye spika. Najua kwa nini inapendwa: kasida inasikika mpaka sokoni. Lakini spika ya mbele inalirudisha tatizo lile lile la mita 200, na sasa kwa nguvu ya kuwafunika wapigaji wa nyuma. Kamati nyingine huongeza pikapu ya pili mkiani, zote zikitoa sauti moja. Hapo kila aliye karibu zaidi na pikapu moja kuliko ya pili husikia pigo moja mara mbili. Kama spika ni lazima, iwekwe mahali zefe inapoishia, na ifunguliwe watu wakishaketi.

Muda nao una ukuta wake. Alasiri ikishaswaliwa na makundi kupangwa, ni saa kumi na nusu. Magharibi inaingia karibu saa kumi na mbili na nusu. Mwendo wa zefe ni wa kuyumba zaidi kuliko kutembea. Tuseme sentimita 30 kwa kila mapigo mawili: hizo ni mita 15 kwa dakika, kilomita moja kwa saa moja na dakika saba. Njia ikizidi kilomita moja na nusu, kuna kundi litakalokimbizwa mwishoni, na kwa kawaida ni la watoto wadogo.

Usiku ukiingia, watu wakishaketi uwanjani kwa kisomo, kazi inageuka kuwa ya taa. Zamani zilikuwa karabai, zikihitaji mtu wa kuzunguka akizipampu, na mvumo wake uliingia ndani ya kisomo. Siku hizi ni misururu ya taa za rangi na jenereta, ambayo kelele yake ni kubwa kuliko karabai kumi. Miaka hii Maulidi yanaangukia kusi, upepo unatoka kusini. Jenereta basi ikae kaskazini ya uwanja, upepo uichukue kelele upande usio na watu. Mikeka itandikwe kwa kuacha vijia, kwa sababu wakati wa kiyamu, watu wote wakiwa wamesimama, mwenye mrashi na mwenye chetezo lazima wapite, na chetezo kina makaa. Pilau ina wenyewe, siigusi.

Mfunguo sita hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kizungu. Mwaka 2025 tarehe 12 yake, siku ya Maulidi, iliangukia mwanzo wa Septemba. Mwaka 2035 itaangukia karibu Mei 20, na miaka miwili baadaye mwisho wa Aprili, masika yenyewe. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote Malindi. Ngozi ya mbuzi ya matwari hulegea kwa unyevu. Hata sasa, kwenye kusi kavu, wapigaji huyapasha matwari moto kabla ya kutoka. Mvua ikinyesha njiani hakuna moto wa kuyarudisha. Twari la plastiki halilegei, lakini mlio wake ni mkali na mfupi, hauna ule uzito unaoshikilia safu ya vijana arobaini. Madrasa zinazonunua matwari mapya mwaka huu zinaamua jambo la miaka kumi ijayo, na nyingi zinaamua kwa bei.