Msichana Anayerudisha Wakati Nyuma

Mwanangu aliporudi likizo kutoka chuoni Unguja mwaka 2023 alikuja na gemu ndani ya simu yake. Nasema gemu kwa sababu ndivyo vijana wetu wa Wingwi wanavyoliita. Neno mchezo, kwa wazee wa barazani petu, limekwisha kuchukuliwa na bao na dama. Mimi nilikuwa nikiyadharau mambo haya. Nilidhani kazi yake ni kupiga risasi na kuendesha magari, basi. Lakini hili lilikuwa na hadithi, tena hadithi ndefu, na mtu aliyesomesha fasihi miaka mingi hawezi kukaa karibu na hadithi asiifuate. Kwa siku tisa, baada ya sala ya Isha, tulikaa ukumbini, yeye kashika simu na mimi nimevaa miwani, mpaka likamalizika.

Jina lake ni Life is Strange. Lilitungwa na kampuni ya Kifaransa iitwayo Dontnod, likatolewa kwa sehemu tano katika mwaka 2015, na mwaka 2018 likaingia katika simu za Android. Mhusika mkuu ni msichana wa miaka 18, Max Caulfield, mwanafunzi wa upigaji picha katika mji wa kubuniwa wa Arcadia Bay, pwani ya Oregon, Marekani. Siku moja, msalani mwa skuli, anamwona msichana mwenzake akipigwa risasi. Ananyoosha mkono, na wakati unarudi nyuma.

Tangu hapo mchezaji anakuwa na uwezo ambao sidhani kama yuko kati yetu asiyeutamani. Ukisema neno baya, unaurudisha wakati na kusema jema. Ukiulizwa usilolijua, unangoja uambiwe jibu, unarudi nyuma, kisha unajibu kama mwanachuoni. Na kila unapochagua jambo zito, kipepeo mdogo hutokea pembeni mwa kioo kukuonya kwamba uamuzi huo utakuwa na matokeo.

Kipepeo huyu ndiye aliyeniudhi kwanza. Nilimwambia mwanangu kuwa watungaji wameharibu kazi yao wenyewe, kwani uamuzi unaokuja na tarumbeta si uamuzi, ni mtihani. Akacheka. Akasema, "Sasa baba, bila ya hicho mtu atajuaje?" Sikumjibu usiku ule. Jibu nilikuwa nikiliona mbele yangu, kwenye mkono wake wa kushoto ulioshika simu.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2007, yapata nusu saa kabla ya magharibi. Yeye alikuwa na miaka 4. Mama yake amepeleka futari kwa jirani, mimi niko uani, na sufuria ya uji wa ngano imeteremshwa mafigani ikawekwa chini. Aliivuta. Uji ukammwagikia kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Nilikimbilia chumbani, nikachukua dawa ya meno, nikampaka mkono mzima. Jirani mmoja akaja na yai, tukapaka na ute juu yake. Mtungi wa maji ulikuwa hatua tatu kutoka pale mtoto alipoungulia. Niliupita nikienda chumbani, nikaupita tena nikirudi.

Baada ya kama saa moja tulifika kwenye kituo cha afya. Muuguzi hakunigombeza. Alianza tu kuibandua ile dawa ya meno iliyokwisha kukauka pamoja na yai, na ngozi ikawa inatoka nayo. Mpaka leo nikisikia mtoto analia kwa namna ile mahali popote, hunibidi niondoke.

Niliyoyafanya yalikuwa ndiyo niliyoyaona yakifanywa tangu udogo wangu. Wengine hutia unga, wengine mafuta ya taa, wengine asali. Dawa ya meno huhisiwa baridi kwa sababu ya mnanaa wake, wala haiondoi moto uliokwisha kuingia mwilini. Huo huendelea kushuka ndani ya nyama hata baada ya kilichounguza kuondolewa, na uji ni mbaya zaidi kuliko maji kwa kuwa hunata na kukaa na joto lake. Juu ya hayo, ukipaka vitu vile unakaribisha uchafu kidondani na kumficha tabibu asilolione jeraha. Linalotakiwa ni maji safi ya baridi ya kawaida, wala si barafu, yapite juu ya palipoungua kwa dakika 20. Wakati huohuo nguo na bangili zivuliwe kabla mkono haujavimba, isipokuwa kilichoganda kwenye ngozi. Malengelenge yasitumbuliwe. Kisha pafunikwe kwa plastiki safi au kitambaa safi kisichoacha nyuzi, mwili uliobaki ukingwe na baridi, na mtoto apelekwe kwa tabibu. Kama hakuna bomba, basi ni kata baada ya kata kutoka mtungini, na dakika 20 kwa kata ni nyingi, mkono unachoka. Lakini zinafanyika.

Nirudi kwenye gemu, maana msomaji ataniuliza mambo haya yamekutana wapi.

Yamekutana mwishoni mwa sehemu ya pili. Yuko msichana aitwaye Kate Marsh, mcha Mungu, mpole, ambaye wenzake wamemdhalilisha kwa kueneza filamu yake. Anapanda juu ya paa la bweni akitaka kujirusha. Max anausimamisha wakati ili amfikie, na kwa kufanya hivyo nguvu zake zinamwishia. Anapofika juu hawezi tena kurudisha chochote. Amebaki na maneno yake tu, na maneno hayo hayatoki hewani. Yanategemea kama siku ile mchana ulipokea simu ya Kate au uliona inakuchelewesha. Kama ulipoingia chumbani kwake ulizitazama picha za jamaa zake na kusoma kilichoandikwa, au ulichukua ulichokifuata ukatoka. Ukiulizwa ni aya gani ya Biblia iliyokuwa ikimliwaza, ama unaijua ama huijui.

Mwanangu hakuijua. Kate alianguka.

Kwa maoni yangu hapo ndipo watungaji walipofaulu kuliko mahali pengine pote katika kazi hii, na wamefaulu kwa kumnyang'anya mchezaji kile walichompa tangu mwanzo. Wachezaji wa bao wa kwetu wanalijua jambo hili bila ya kufundishwa na Wafaransa. Mtu akifika kwenye nyumba yake na kukhiyari kuisafirisha badala ya kulala, kete zile zikishaanza kutembea hapana wa kumrudishia. Ila kwenye bao mashimo yote 32 yako wazi mbele yako na una nafasi ya kuhesabu. Juu ya paa lile, na kwenye banda la kupikia, hesabu ilikwisha kufanywa zamani. Ukishaungua mtoto huchagui kitu. Mkono wako unakwenda kwenye unachokijua. Mimi nilichokijua kilikuwa chumbani.

Kwa ajili ya onyesho lile nilimsamehe mtungaji mengi. Nilimsamehe hata zile hesabu zinazotolewa mwisho wa kila sehemu, kukuonyesha wachezaji wangapi kwa mia walichagua kama wewe, kana kwamba majuto ni kura.

Lakini mwisho wa hadithi sikuukubali, na hapa mimi na mwanangu tuligombana kidogo. Tufani inakuja kuuangamiza mji, na Max anatakiwa achague: ama arudi kule msalani siku ya kwanza amwache rafiki yake Chloe auawe, ama amwokoe Chloe na mji uangamie. Mambo mawili tu. Yote tuliyoyaamua kwa siku tisa, simu tulizozipokea na tusizozipokea, hayabadilishi mlango hata mmoja. Na ukichagua kuunusuru mji, juma zima linafutika, Kate naye yumo ndani yake. Mwanangu alisema hiyo ndiyo maana yenyewe, kwamba hatuna nguvu mbele ya yaliyokadiriwa. Nilimwambia kukadiriwa ni kitu kimoja na mtungaji kuchoka ni kitu kingine. Mwaka huohuo 2015 Mmarekani Toby Fox alitoa gemu lake, Undertale, ambalo ukiua mhusika kisha ukarudi nyuma kujifanya hukuua, mhusika mwingine anakukumbusha uliyoyafanya. Hayo mwanangu ndiye aliyenieleza, nami nikayatumia dhidi yake, jambo ambalo si la haki sana.

Liko moja ambalo sikumwambia katika mabishano yale. Hizo nguvu za Max za kunyoosha mkono zina mipaka: zinamrudisha nyuma kwa muda mfupi tu. Miaka mingi baada ya 2007, katika semina moja ya huduma ya kwanza, nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba yale maji ya dakika 20 hufaa hata yakichelewa, mpaka saa tatu baada ya kuungua. Hayamrudishi mtoto kwenye hali ya kabla ya uji, lakini hupunguza kina cha jeraha. Nilikuwa nimejizoesha kuona kwamba kosa langu lilikuwa la nusu dakika, mtu amebabaika, nani asingebabaika. Kumbe dawa ya meno ingeoshwa palepale, jirani akishaondoka na ganda lake la yai, maji bado yalikuwa na kazi. Kwa saa nzima ile, nikitafuta nauli, nikitafuta gari, nikimbeba, nilikuwa na mlango wa kurudi nyuma ulio wazi, na sikujua kuwa ni mlango.

Usiku wa mwisho, gemu limekwisha na ameuchagua mji, nilimwambia anaweza kulirudia la Kate, kwani simu inamruhusu kuanza tena pale anapotaka. Akasema hataki. Akalitazama kovu lake kidogo, kama mtu anayetazama saa.

"Baba, siku ile mtungini mlikuwa na maji?"

Nikamwambia yalikuwamo.

Akaitikia kwa kichwa, akaizima simu, akaenda kuuchaji umeme wake kabla haujakatika.