Jinsi Sahiwal wa Naivasha Alivyotengenezwa

Wafugaji wa mbwa wa Ulaya na Marekani wana maonyesho ya namna mbalimbali. Yapo ya aina zote, na yapo ya kitaifa ya aina moja tu, ambayo klabu ya aina hiyo huandaa kila mwaka. Haya ya pili ndiyo magumu. Mbwa wote uwanjani wana umbo moja na masikio yaleyale, kwa hiyo jaji hawezi kumchagua mmoja kwa sababu tu amevutia macho. Lazima aone tofauti ambazo mtazamaji wa kawaida hazioni. Hapa kwetu Nakuru, mnyama anayepitia chujio la namna hiyo ni ng'ombe, na mahali penyewe ni uwanja wa Chama cha Kilimo cha Kenya, ASK, wakati wa maonyesho ya kila mwaka.

Ukitaka kujifunza, acha vibanda na umati, ukae kando ya uwanja wa mifugo wakati kundi la aina moja linapoingia. Vijana waliovaa makoti meupe huwaongoza majike kwa hatamu, mmoja nyuma ya mwingine, wakizunguka polepole. Jaji huanza akiwa mbali. Kwanza anataka kuona mgongo ulionyooka na hatua isiyovuta mguu. Kisha anasimama nyuma yao aone kama miguu inakanyaga sawa au inakutana kwenye magoti. Baadaye ndipo anasogea. Anashika ngozi juu ya mbavu, anainama kutazama kiwele cha wale wanaokamwa: kimeshikana vipi na tumbo mbele, kimepanda kiasi gani nyuma, chuchu zimekaa wapi. Katika jedwali la alama linalotumiwa Marekani kwa ng'ombe wa maziwa, kiwele peke yake hubeba alama 40 kati ya 100. Mwishowe jaji anawapanga mstari kwa daraja, anachukua kipaza sauti na kueleza kwa nini wa kwanza amempita wa pili, na wa pili amempita wa tatu. Sehemu hiyo ndiyo ninayoithamini kuliko utepe. Uamuzi usioelezwa haumsaidii mfugaji hata kidogo, ila ukielezwa mbele ya wenzake, kila mmoja anarudi shambani akijua fahali gani atamfaa mwaka ujao.

Lakini jaji anahukumu mnyama aliyesimama mbele yake asubuhi ile. Hajui alitoa lita ngapi msimu uliopita, wala alipandwa mara ngapi kabla ya kushika mimba, wala baba yake ni nani. Majibu hayo yamo kwenye ofisi ambazo watu wengi wa mji huu hupita bila kuzitambua. Daftari la nasaba la Kenya, Kenya Stud Book, lilianzishwa mwaka 1920, na makao yake ni hapa Nakuru, sawa na huduma ya kuandikisha maziwa. Ukitaka kujua jinsi aina ya ng'ombe inavyotengenezwa, anzia huko, kisha ushuke hadi Naivasha.

Sahiwal asili yake ni Punjab, upande ambao leo ni Pakistan. Ni ng'ombe mwekundu anayeelekea kahawia, mwenye nundu, pembe fupi, masikio yaliyolegea, na ngozi nyingi inayoning'inia shingoni. Ana maziwa mengi kuliko zebu wetu, mafuta ya maziwa yake yanapita asilimia 4, na anastahimili jua na kupe kiasi ambacho Friesian hawezi. Kwa nchi ya Bonde la Ufa iliyo chini kidogo ya nyanda za baridi, ambako mvua ni ya kubahatisha na majani hukauka miezi mingi, alikuwa mnyama wa kutamanika. Tatizo lilikuwa idadi. Kati ya 1939 na 1963 waliingizwa Kenya mafahali wapatao 60 na majike 12 tu. Majike 12 hayajengi taifa la ng'ombe. Ukiwazalisha wao kwa wao, kwa miaka michache utakuwa na ndugu wanaopandana, na kasoro zilizofichika katika damu zitaanza kujitokeza.

Njia iliyofuatwa ndiyo kiini cha uchambuzi huu. Mafahali walipelekwa kwenye vituo vya serikali vya kuboresha mifugo, wakapandishwa kwa majike ya kienyeji. Ndama wa kwanza alikuwa nusu Sahiwal. Alipokua alipandwa na fahali mwingine wa Sahiwal, na ndama wake akawa robo tatu. Kizazi cha tatu kinafika asilimia 87.5, cha nne 93.75, cha tano karibu 97. Tufanye hesabu ya miaka. Mtamba wa jamii hii huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu na nusu hadi minne. Ukianza na ndama aliyezaliwa 1940, kizazi cha nne kinazaliwa kama mwaka 1952, na cha tano kama 1956. Kwa hiyo si ajabu kwamba mwaka 1962 palikuwa na majike ya kutosha kuchagua yaliyo bora, kuyakusanya Naivasha, na kuanzisha kundi la taifa la Sahiwal kwenye kituo cha utafiti wa mifugo. Kituo hicho leo kiko chini ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO.

Tafakari maana yake. Ukimfuata ng'ombe wa kundi hilo upande wa mama, kisha mama wa mama, na kuendelea nyuma, katika koo nyingi utafika kwa ng'ombe mwekundu au mweusi wa kienyeji, aliyekuwa akila majani Bonde la Ufa kabla daftari lolote halijafunguliwa. Nasaba ya Sahiwal wa Kenya imesimama juu ya bibi zetu wa zizini. Kwa jicho la jaji hawaonekani tena, lakini wamo.

Jambo hili liliwezekana kwa sababu daftari letu lilikuwa na ngazi. Mfugaji mwenye ng'ombe wa gredi haambiwi kwamba mnyama wake si kitu. Anaandikishwa ngazi ya chini, ya msingi. Mtoto wake wa kike aliyezaliwa kwa fahali aliyesajiliwa anapanda ngazi ya juu yake, kisha inayofuata, hadi nasaba kamili. Kinachotakiwa ni ushahidi: jina la fahali, tarehe ya kupandwa, tarehe ya kuzaa. Mwanakijiji wa Bahati au Subukia mwenye ng'ombe wawili anaweza kuianza ngazi hiyo leo, na mjukuu wake akasimama uwanjani pamoja na wanyama wa mashamba makubwa.

Wafugaji wa mbwa wengi hawakuwa na ngazi hiyo, nao waliumia. Chukua mbwa wa Kongo anayeitwa Basenji, yule mdogo mwenye mkia uliojikunja na asiyebweka kama mbwa wengine. Alishika mizizi Uingereza katika miaka ya 1930, akaonyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts mwaka 1937, na baadaye akapata klabu na maonyesho yake ya kitaifa Marekani. Mbwa waliokuwa chanzo cha ukoo wote huo walikuwa wachache mno, na daftari likafungwa nyuma yao. Ugonjwa wa damu ulipojitokeza, wafugaji waliwaondoa wabebaji wake kwenye uzazi, jambo sahihi, lakini idadi ya koo ikapungua zaidi. Halafu ukaja ugonjwa wa figo. Mwaka 1987 na 1988 baadhi yao walisafiri hadi Zaire ya wakati huo kutafuta mbwa vijijini, na mwaka 1990 chama cha daftari cha Marekani kikakubali kulifungua ili mbwa hao waingie. Iliwachukua zaidi ya miaka arobaini tangu aina hiyo kutambuliwa Marekani kufanya jambo ambalo Kenya ilikuwa imeliweka ndani ya mfumo wake wa ng'ombe kama kawaida. Katika hili naona Nakuru ilikuwa na busara kubwa, nasi hatujajisifu vya kutosha.

Ngazi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupima, na hapo Sahiwal ni mgumu. Majike mengi ya zebu, Sahiwal wakiwemo, huzuia maziwa ndama asipokuwepo. Mkamaji anamleta ndama anyonye kidogo maziwa yashuke, kisha anakama. Kilichoingia ndooni si maziwa yote aliyotoa ng'ombe, na kilichobaki kwa ndama hakina kipimo. Jike mwenye tabia ya kuzuia anaandikwa vibaya hata kama kiwele chake ni kizuri. Anayelinganisha takwimu za mashamba mawili lazima kwanza aulize ndama walikuwa wapi wakati wa kukama. Bila swali hilo analinganisha desturi za wakamaji na wala si damu ya ng'ombe.

Fahali naye hakamwi. Njia ya haraka ya kumchagua ni kutazama rekodi ya mama yake. Njia ya uhakika ni kusubiri binti zake wakamwe. Hesabu tena: anaanza kupanda akiwa na miaka miwili, mimba ni miezi tisa, binti anazaa akiwa na miaka mitatu na nusu, kisha anakamwa miezi kumi hivi. Fahali amefika miaka saba kabla hatujajua alikuwa nani. Ndiyo sababu uhamilishaji na kituo chake cha Kabete, kilichofunguliwa 1946, vina maana kubwa hapa. Mbegu iliyogandishwa inamsubiri fahali ahukumiwe, hata kama yeye mwenyewe amekufa. Mfugaji asiye na uhamilishaji anategemea fahali kijana na rekodi ya mama.

Na hao ndio wengi. Kwa miaka mingi sasa mafahali wa Sahiwal wameuzwa kwa wafugaji wa Narok na Kajiado, ambao huwapandisha kwa zebu wao ili wapate ng'ombe mkubwa anayeleta bei sokoni na maziwa zaidi ya nyumbani. Uamuzi wao ni wa akili kabisa. Kasoro ni kwamba ngazi iliishia getini. Fahali anaondoka Naivasha au Nakuru akiwa na nasaba inayojulikana, lakini ndama wake wa Narok hawaandikwi popote, na baada ya vizazi viwili hakuna anayejua nani ni robo na nani ni nusu. Isitoshe, Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya bahari, kando ya ziwa na wataalamu, si Kajiado ya kiangazi. Binti aliyefanya vizuri kituoni anahitaji kupimwa tena kule anakoishi, na kipimo hicho ndicho tunachokikosa zaidi.

Anayenunua fahali leo aombe karatasi mbili: ya nasaba, na ya maziwa ya mama kwa zaidi ya msimu mmoja, kwa kuwa msimu mmoja mzuri unaweza kuwa ni mvua tu. Kisha aandike tarehe aliyomwingiza kundini. Mabinti wa kwanza wa fahali huyo watafikia kupandwa miaka mitatu na nusu hivi baadaye, na fahali akiwa bado yumo atawapanda mwenyewe. Kabla ya hapo abadilishane na jirani aliyenunua fahali wa ukoo mwingine, na karatasi za kila mmoja ziende pamoja na mnyama.