Jiko Linapofuka, King'ora Kinyamaze

Alfajiri ya Januari 1, 2013, moto ulizuka Khayelitsha, nje kidogo ya jiji la Cape Town, Afrika Kusini, na kuruka kutoka banda hadi banda. Maelfu ya watu waliuanza mwaka bila paa. Katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Francois Petousis na mhadhiri wake wa uhandisi wa umeme, Samuel Ginsberg, walikuwa wakiumiza vichwa kwa swali linaloonekana jepesi: king'ora cha aina gani kinafaa nyumba kama hizi?

Jibu la haraka lingekuwa king'ora cha moshi, kile kisahani cheupe cha darini. Lakini banda la chumba kimoja ndilo jiko, ndilo sebule, ndilo chumba cha kulala. Stovu ya mafuta ya taa ikiwashwa, moshi. Ugali ukishika chini ya sufuria, moshi tena. King'ora kitalia asubuhi, kitalia jioni, na siku ya tatu mwenye nyumba atakinyamazisha kwa mpini wa ufagio. Hata kwenye fleti za Nairobi na Dar es Salaam mambo ni hayohayo: chapati mbili zikiungua, betri zinang'olewa na kuhamia kwenye rimoti ya televisheni.

Kifaa walichokuja nacho mwaka 2014 kiliitwa Lumkani, neno la Kixhosa lenye maana ya "jihadharini", na hiyo -ni ya mwisho inafanya kazi ileile inayofanya katika Kiswahili. Lumkani haijali moshi. Inapima joto, na hasa kasi ya joto kupanda. Hapo ndipo penye akili. Chini ya mabati, jua la saa saba mchana linaweza kukichemsha chumba, ila joto hupanda polepole, kwa saa kadhaa. Moto wa pazia hupandisha joto kwa sekunde. Kifaa kinachosoma mwendo badala ya kipimo kimoja kinaweza kulitofautisha jua na moto, na kikaliacha jiko lifuke kwa amani.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama yake. Sigara iliyoangukia godoro hufukuta kwa muda mrefu, ikitoa moshi mwingi wa sumu kabla joto halijafika darini. Aliyelala chumba hicho anaweza kuzidiwa kabla kifaa cha joto hakijashtuka. Wabunifu walifidia pengo hilo kwa redio. Kifaa kimoja kikilia na asitokee mtu wa kukizima ndani ya sekunde 20, vyote vilivyo umbali wa mita 60 hulia pamoja. Sekunde hizo ni za mama aliyeunguza vitunguu. Zikipita, mtaa mzima unaamka. Mahali ambapo moto wa jirani ni wako baada ya dakika chache, kinga ya mtaa ina uzito kuliko kinga ya chumba kimoja. Mfumo huo ulifikishwa pia Mukuru, Nairobi, kwa ushirikiano na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.

Je, mwenye nyumba ya matofali aige? Jikoni, ndiyo. Chumbani, hapana, huko moshi ndio wa kuwindwa, na king'ora chake kiko cha namna mbili. Cha kwanza kina chembe ya amerisi-241, elementi ya mnururisho inayofanya hewa ipitishe umeme kidogo; moshi ukiingia, mkondo hupungua, king'ora hulia. Ni chepesi kwa moto wa ndimi, kizito kwa godoro linalofukuta, na ndicho kinachosumbua zaidi karibu na mapishi. Cha pili hutumia mwanga: ndani ya kijichumba cheusi mwale hupita kando ya jicho la umeme, na moshi ukiingia huutawanya mwale hadi ulifikie jicho. Kwa nyumba ya familia, hiki cha mwanga ndicho cha kununua.

Uskochi wamechanganya akili zote hizi katika sheria iliyoanza kufanya kazi Februari 2022: king'ora cha moshi sebuleni na kwenye ukumbi wa kila ghorofa, cha joto jikoni, na vyote viwe vimeunganishwa, kimoja kikilia vilie vyote. Aliyelala huku amefunga mlango asingekisikia cha jikoni peke yake.

Ufungaji hauhitaji fundi mkubwa. Moshi wa moto hupanda, kwa hiyo mahali pa king'ora cha moshi ni dari, katikati ya chumba. Ukutani, kikae karibu na dari, kisishuke zaidi ya sentimita 30. Kiwe walau mita tatu kutoka kwenye jiko, na mbali na dirisha. Watu wa pwani wana mtego wao, feni: ikizunguka usiku kucha huweza kuupuliza moshi pembeni kabla haujakifikia kifaa, basi kisifungwe karibu nayo. Wapaka rangi nao huona raha kukipitishia brashi pamoja na dari. Matundu yakizibwa hapo, kimebaki pambo.

Kitufe cha majaribio kibonyezwe kila mwezi. Nyuma ya kifaa kuna tarehe ya kutengenezwa. Ikitimia miaka 10 kinatupwa, hata kama bado kinalia. Ukiwa dukani, kigeuze uisome kabla ya kulipa.

Limebaki jambo moja ambalo maelekezo ya kwenye boksi, yaliyoandikwa kwa nyumba za nchi nyingine, hayaligusi. Nyumba zetu nyingi zina grili madirishani na kufuli mlangoni, na king'ora kikilia saa tisa usiku, wa kwanza kutafutwa ni ufunguo. Upigilie msumari kando ya mlango, mkono wa mtoto uufikie na wa mpita njia usiufikie, na ufunguo ulale hapo kila usiku.