Bruce Lee na Wenzake, Saa Kumi na Nusu Alfajiri

Mwaka 1979 nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo cha ualimu, nimekabidhiwa ulezi wa bweni la wanaume. Kazi yangu kubwa ya asubuhi ilikuwa kuwatoa wanachuo vitandani kwa ajili ya mchakamchaka, na kila siku walikuwapo walioumwa tumbo, walioteguka miguu, na wale ambao kengele hawakuisikia kabisa. Alfajiri moja nilikosa usingizi nikatoka kuzunguka. Ilikuwa saa kumi na nusu. Nyuma ya bwalo nikawakuta vijana tisa, vifua wazi, wamejipanga safu mbili, wanapiga mateke hewani kwa hesabu ya mwenzao mmoja. Watatu kati yao walikuwa wale wale wa matumbo.

Nilifanya kile ambacho mlezi wa siku zile alitazamiwa kufanya. Niliwanyang'anya nanchaku zao nne, zilizotengenezwa kwa mpini wa ufagio na mnyororo wa baiskeli, nikaandika taarifa. Kiongozi wao, kijana mpole ambaye faili lake halikuwa na kosa lingine lolote, akasimamishwa masomo wiki 3. Hakurudi tena. Katika taarifa yangu niliandika uhuni, sinema za kigeni, kupoteza wakati. Sinema yenyewe ya aina hiyo nilikuwa sijaona hata moja. Kwa hiyo msomaji ajue tangu mwanzo kwamba huu ni uhakiki wa mtu anayedaiwa.

Mwaka uliofuata nilikwenda Dar es Salaam kwa semina. Siku zile mjini kulikuwa na Empire, Avalon, Odeon na majumba mengine ya sinema, na jioni moja niliacha wenzangu wakila, nikaenda kukata tiketi ya Fist of Fury, sinema ya Bruce Lee ya mwaka 1972. Nilikaa mbele kabisa, kwenye viti vya bei nafuu, katikati ya watoto ambao bila shaka walikuwa wameiona mara nyingi, maana walikuwa wakitangaza teke kabla halijapigwa.

Kisa chake kinatokea Shanghai, mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakati wageni walipokuwa wamejigawia sehemu za mji. Chen Zhen anarudi chuoni kwake na kukuta mwalimu wake amekufa. Wajapani wanaleta kibao cha dharau hadi kwenye matanga. Halafu kuna bustani ambayo mlangoni pake pametundikwa tangazo kwamba mbwa na Wachina hawaruhusiwi. Chen anazuiwa, bwana mmoja anamwambia ataingia akikubali kutembea kama mbwa. Anawapiga, kisha anarusha teke, na kibao kinapasuka kikiwa hewani. Wanahistoria wamebishana sana juu ya maneno ya tangazo lenyewe, lakini si hadithi kwamba Wachina walizuiwa kuingia bustani ile ya Shanghai mpaka mwaka 1928.

Kibao kilipopasuka, ukumbi mzima ulisimama. Nami nilisimama, mkufunzi mwenye tai. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja tulipopata uhuru, na naikumbuka milango ambayo haikuwa na tangazo lolote lakini baba yangu, karani aliyejua kusoma na kuandika vizuri kuliko mabwana wengine, aliizunguka akaingilia uani. Hapakuwa na haja ya kunitafsiria Kichina, wala Kiingereza kibovu walichowawekea midomoni.

Watoto wetu wana kanuni yao ya sinema: steringi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, steringi hafi. Lakini Chen Zhen anakufa. Ili chuo chake kisifungwe anajitoa mwenyewe, na nje ya lango wamepangwa askari wenye bunduki. Anakimbia, anaruka kuwaelekea, picha inagandia hewani, zinasikika risasi. Watoto wale, waliojua vema mwisho wake, walinyamaza. Sijawahi kupata darasa lililonyamaza namna ile.

Pamoja na hayo, siiweki sinema ile juu kabisa. Wajapani wake wote ni waovu wa kuchongwa kwa panga, na hasira ya Chen inaua watu wengi bila kumrudishia mwalimu wake uhai wala kuwafundisha kitu wanafunzi wenzake. Hasira ni ya haki, lakini haina somo la pili. Bruce Lee mwenyewe naamini alilijua hilo, kwa sababu sinema iliyofuata, The Way of the Dragon, aliiandika na kuiongoza yeye, na ndani yake kuna jambo ambalo wapenda mateke hulipita haraka. Anapigana na Chuck Norris katika magofu ya Colosseum, Roma. Mpinzani amevunjika mkono na mguu. Lee anatikisa kichwa kumsihi aache, naye hataki. Anamuua. Kisha anachukua vazi na mkanda mweusi wa marehemu, anamfunika, na kupiga magoti kando yake. Ni dakika chache, bila maneno. Ningekuwa na sinema ile mwaka 1979 ningeionyesha katika kipindi cha malezi.

Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32, kabla Enter the Dragon haijaanza kuonyeshwa. Kifo cha mapema kilimfanya asizeeke machoni pa watu, na sifa nyingi anazopewa ni za marehemu. Lakini ukiondoa zote hizo kinabaki kitu kimoja ambacho hakighushiki: mwili ule ulikuwa umefundishwa. Kijana anayemtazama anajua, hata kama hajui kusema, kwamba hakuna mtu anayezaliwa akiwa hivyo. Nyuma ya kila teke kuna alfajiri nyingi.

Wajukuu zangu wanampenda zaidi Jackie Chan, na nilidhani ni kwa sababu anachekesha. Nimebadili mawazo. Huyu alipelekwa utotoni katika shule ya opera ya Kichina huko Hong Kong, akakaa miaka kama kumi akifunzwa sarakasi, kuimba na kupigana, chini ya mwalimu ambaye fimbo yake ingewatia aibu hata walimu wa enzi yangu. Katika Fist of Fury yeye alikuwa mmoja wa vijana wa kuanguka tu. Alipopata jina, alifanya jambo ambalo Lee hakulifanya: akipiga ngumi anapuliza vidole vyake. Inauma! Na mwisho wa sinema zake nyingi anatuonyesha vipande vilivyoharibika, akianguka vibaya na kubebwa. Mwaka 1986, akitengeneza Armour of God, alianguka kutoka mtini akapasuka fuvu. Fundi anayekuonyesha makosa yake huyo ni mwalimu, hata kama anavaa kofia ya kichekesho.

Lakini sinema ninayoiweka mbele ya zote haina Lee wala Chan. Ni The 36th Chamber of Shaolin, ya mwaka 1978, niliyoiona kwenye kanda ya video mwaka 1992, nyumbani kwa mdogo wangu. Aliyeiongoza, Lau Kar-leung, alifundishwa na baba yake, ambaye alifundishwa na Lam Sai-wing, ambaye alifundishwa na Wong Fei-hung. Ni silsila ya kweli, na inaonekana.

Kijana San Te anakimbilia hekalu la Shaolin baada ya watawala Wamanchu kuangamiza jamaa zake. Anaambiwa kuna vyumba 35 vya mafunzo. Achague aanzie wapi. Kwa kiherehere cha ujana anachagua cha juu kabisa, na huko anakuta wazee wanasoma maandiko. Haelewi neno, anatupwa nje. Basi anashuka cha kwanza. Huko kazi ni kuvuka maji juu ya magogo yaliyofungwa pamoja ili kufika kwenye chakula. Ukizama, unakula umelowa, na ukichelewa huli. Chumba kingine ni kupanda na ndoo za maji, mikono imenyooshwa, visu vimefungwa mikononi ili ukilegea vikuchome ubavuni. Kingine ni kugonga kengele kwa nyundo yenye mpini mrefu mno. Karibu nusu ya sinema ni hiyo, mtu anajifunza, na watazamaji waliolipa ili waone vita wanakaa kimya wakimtazama akibeba maji.

Bila shaka inadanganya. Miaka kadhaa inapita kwa muda wa kuchemsha chai, na adui, kama katika sinema zote hizi, wanasubiri zamu yao kwa adabu kama wagonjwa wa zahanati. Nayasamehe hayo. Hakuna mkufunzi mwenzangu aliyewahi kuandika maelezo bora zaidi ya namna ujuzi unavyoingia mwilini.

San Te akimaliza vyumba vyote anaombwa achague chumba cha kusimamia. Anasema anataka cha 36, cha kuwafundisha watu wa kawaida walio nje ya hekalu. Wakubwa wanakataa. Kanuni haziruhusu. Abate, mzee mwerevu, anampa adhabu ya kumfukuza, ili huko nje afanye alichokuwa ameomba.

Nilipofika hapo nilimwomba mdogo wangu asimamishe kanda. Mimi pia nilikuwa nimefukuza mtu, lakini sikuwa yule abate. Kile nilichokikuta nyuma ya bwalo kilikuwa chumba kilichofunguliwa na wanachuo wenyewe, bila kengele, bila mlezi, saa moja kabla ya mchakamchaka wangu, nami nilikwenda nikakifunga. Kijana yule alikuwa akisahihisha mguu wa mwenzake kwa kuugusa taratibu kwa kidole, kama tulivyomfundisha katika mazoezi ya kufundisha. Hilo nililiona kwa macho yangu, na sikuliandika katika taarifa.

Moja ya zile nanchaku ninayo mpaka leo, ndani ya sanduku la vitabu, mnyororo umeshika kutu. Mwaka jana mjukuu wangu wa kidato cha pili aliifukua, akaizungusha mara mbili, ikampiga kwenye kiwiko. Akapuliza kiwiko, akaniuliza, "Babu, hii ya nani?" Nikamtajia jina kamili la mwenyewe, na la kijiji chake.