Faida na Fungu: Mawazo Juu ya Kitabu cha Mhubiri

Wako watu wanaoifungua Biblia kama mtu anayefungua kabati la dawa. Kazi imekwisha, wanatafuta aya ya riziki. Mtoto anaumwa, wanatafuta aya ya uponyaji. Siwalaumu, kwa sababu mwenye maumivu hana nafasi ya kusoma vitabu vizima. Lakini yule anayeuliza swali kubwa zaidi, yaani anaishi kwa ajili ya nini, hawezi kujibiwa na aya moja iliyochapwa chini ya kalenda ya ukutani. Swali lake linahitaji kitabu kisomwe tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na zile sehemu zisizompendeza. Katika insha hii nataka kukitazama kitabu kimoja cha namna hiyo, nacho ni Mhubiri. Kina sura 12 tu, na mtu anaweza kukimaliza kwa jioni moja.

Kwa muda mrefu kitabu hiki kimewatia watu wasiwasi. Wanazuoni wa kale wa Kiyahudi walibishana kama kweli kinastahili kuhesabiwa miongoni mwa maandiko matakatifu. Mapokeo humtaja Sulemani kuwa ndiye mwandishi, ingawa wataalamu wengi, wakiangalia lugha yake na maneno yenye asili ya Kiajemi yaliyomo, hukiweka karne nyingi baada ya mfalme huyo. Vyovyote iwavyo, msemaji wa kitabu ni mtu aliyejaribu kila kitu. Alijenga nyumba, akapanda mizabibu, akachimba mabwawa, akakusanya fedha na dhahabu, akaweka waimbaji, akatafuta hekima kuliko wote waliomtangulia. Mwishoni akafanya hesabu, akaona kwamba hakuna kilichobaki mkononi.

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapokutana na neno linalotawala kitabu chote. Biblia ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tulilelewa nayo, inalitafsiri kuwa "ubatili". Ni neno zito, lenye sauti ya mahakamani. Mkataba ukiwa batili hauna nguvu. Ndoa ikitangazwa batili huhesabiwa kana kwamba haikufungwa kamwe. Ile tafsiri ya Habari Njema iliyotoka miaka ya 1990 ikachagua "bure", neno jepesi zaidi, lakini nalo linasema kwamba jambo halikuwa na thamani. Sasa, neno la Kiebrania lililoko hapo ni "hevel", na maana yake ya asili ni pumzi au mvuke, kama ule unaotoka kinywani asubuhi ya baridi kule Njombe au Limuru. Linaonekana mara 38 katika kitabu hiki. Tena ndilo jina la Habili, yule mwana wa Adamu aliyeuawa na ndugu yake kabla ya kuacha hata mtoto mmoja.

Hapana shaka watafsiri wetu walikuwa na sababu zao, maana hata Biblia ya Kiarabu hutumia neno la asili hiyo hiyo ya "batili". Lakini tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kitu batili ni kama hakikuwapo. Pumzi ipo, na bila hiyo hatuishi. Ila haishikiki wala haiwekwi akiba. Mhubiri akisomwa kwa maana ya kwanza, anakuwa hakimu anayefuta maisha yetu yote kwa muhuri mmoja. Akisomwa kwa maana ya pili, anakuwa mzee anayetuonya tusijaribu kujaza gunia kwa mvuke.

Jambo hili si la wataalamu wa lugha peke yao. Mwaka aliofariki mke wangu, ndugu na jirani walinijia na aya nyingi za matumaini, nami niliwashukuru. Usiku, wageni wakishaondoka, nilirudi kwa Mhubiri, kwa sababu yeye hakuwa na haraka ya kunifariji. Katika sura ya 9 anamshauri mtu aishi kwa furaha pamoja na mke ampendaye siku zote za maisha yake ya "hevel". Kwa mjane hiyo ni aya ngumu kuliko zote. Kama siku hizo zilikuwa batili, basi miaka 31 ya nyumba yetu imefutwa, na mimi nimebaki kama mtu ambaye hakuoa. Kama zilikuwa pumzi, basi zilikuwapo kweli, tulizivuta pamoja, na kuisha kwake hakuwezi kuzifanya zisiwe zimekuwapo. Niliichagua maana hii ya pili, wala si kwa sababu ilinipendeza tu. Kitabu chenyewe kinaiunga mkono.

Kinaiunga mkono kwa maneno mawili ambayo msomaji makini hana budi kuyafuatilia. La kwanza ni faida. Mapema kabisa katika sura ya 1 Mhubiri anauliza mwanadamu hupata faida gani kwa kazi yake yote. Neno la Kiebrania alilotumia hapo halionekani katika kitabu kingine chochote cha Biblia ya Kiebrania, nalo linanuka biashara: ni kile kinachobaki baada ya kutoa gharama zote. Jibu lake ni kwamba faida hiyo haipo, kwa sababu kifo huchukua mtaji na ziada. Neno la pili ni fungu, yaani sehemu aliyokatiwa mtu. Kila mtu aliyefika sokoni anazijua nyanya zilizopangwa mafungu mafungu juu ya gunia. Fungu si ghala, lakini chakula cha leo kinapikwa. Mhubiri anarudia mara saba hivi shauri la kula, kunywa na kuifurahia kazi au siku za uhai, na mara kadhaa anasema wazi kwamba hilo ndilo fungu la mtu kutoka kwa Mungu. Aliyeuliza juu ya faida amejibiwa kwa fungu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo dhamira kuu ya kitabu.

Si wote wanaokubali. Leo Tolstoy, mwandishi mkubwa wa Urusi, alipokaribia umri wa miaka 50 alikuwa na mali, jamaa na sifa ya dunia nzima, lakini aliona maisha hayana maana, hata akaificha kamba asije akajinyonga. Katika kitabu chake cha ungamo, alichokiandika kati ya mwaka 1879 na 1882, alimtaja Sulemani kuwa shahidi wa utupu huo. Yale mashauri ya kula na kufurahi aliyaona kuwa ni kimbilio la matajiri wa tabaka lake, wanaojisahaulisha kwa anasa. Ni hoja nzito, na wapo wanaomsoma Mhubiri hivyo hadi leo, bilauri mkononi. Lakini furaha ya Mhubiri imefungwa pamoja na jasho. Katika sura ya 5 anasema usingizi wa mtu wa kazi ni mtamu, awe amekula kidogo au kingi, ilhali shibe ya tajiri humnyima usingizi. La kushangaza ni kwamba Tolstoy mwenyewe aliirudia imani kwa kuwatazama wakulima maskini waliofanya kazi, wakala kidogo, wakafa bila manung'uniko. Walikuwa wakila fungu lao.

Hata hivyo kitabu hiki kina upungufu, na si heshima kuuficha. Katika sura ya 4 Mhubiri anayaona machozi ya wanaoonewa, anasema hawana mfariji, kisha anapita. Hamkemei mwonevu, wala haulizi nani aliyewanyang'anya hao fungu lao. Kwa swali hilo itatupasa kumwendea nabii Amosi, aliyewashutumu waziwazi wanaowauza maskini kwa bei ya viatu. Na yale anayoyasema juu ya wanawake katika sura ya 7 ni maneno ya mtu mwenye uchungu. Sioni sababu ya kuyapamba. Biblia ni vitabu vingi vilivyofungwa katika jalada moja, na mara nyingi kimoja humkosoa mwenzake.

Ndugu msomaji, kama unalo swali la maana ya maisha yako, jaribu kumsoma Mhubiri taratibu, na kila unapokutana na neno "ubatili" soma "pumzi". Utaona kwamba hakukatazi kufanya kazi wala kupenda. Karibu na mwisho anakuagiza upande mbegu asubuhi, na jioni usiulegeze mkono wako, kwa kuwa hujui ipi itakayoota. Mimi ninayo bustani ndogo ya mchicha nyuma ya nyumba. Naimwagilia asubuhi, nachuma fungu moja kwa chakula changu na jingine kwa jirani, na jioni naimwagilia tena.