Tarehe Ndani ya Jina la Faili

Kwenye meinfremu za IBM, kila kipande cha jina la faili kina nafasi nane, basi. Hakiruhusiwi kuanza na tarakimu. Vipande hutenganishwa kwa nukta, na jina lote halivuki nafasi 44. Ndani ya ubano huo watu wamekuwa wakitia tarehe kwa ustadi ambao haujasifiwa vya kutosha. Chukua 31 Machi 2024. D20240331 ina nafasi tisa, haiingii. D240331 inaingia, lakini karne imeachwa nje. Aliyekataa kuitupa karne alihesabu siku tangu Januari mosi, akapata ya 91, akaandika D2024091: nafasi nane kamili, na mwaka mzima umo. Nalipenda sana jina hilo. Limebanwa pande zote na bado linasema kweli yote.

Mwaka haukutangulia kwa mapambo. Orodha ya faili hupangwa kwa mfuatano wa alama, kwa hiyo aliyeanza na siku ataikuta D010224 imetangulia D020124, yaani Februari mosi kabla ya Januari 2. Aliyeanza na mwaka hukuta faili zimejipanga zenyewe. Waliotumia tarakimu mbili za mwaka walipangiwa vizuri hadi D991231 ilipofuatwa na D000101, na mwaka 2000 ukapanda juu kabisa ya orodha.

Lakini kwa nini kuhangaika na tarehe wakati mfumo wenyewe unajua kuhesabu vizazi? Tangu enzi za mfumo endeshi wa OS/360, miaka ya 1960, mtu hutangaza jina la msingi, na kila faili mpya huvishwa mkia: G0001V00, G0002V00, na kuendelea. Kwenye JCL, lugha ya kuiagiza mashine kazi, unaandika (+1) kwa kizazi kipya, (0) kwa cha sasa, (-1) kwa kilichotangulia, na maelekezo hayo hayaguswi tena hata miaka ipite. Kikomo kikifika, kizazi cha zamani zaidi hujiondokea. Kikomo chenyewe hakikuvuka 255 hadi 2015, toleo la 2.2 la z/OS, mfumo endeshi wa sasa, liliporuhusu 999. Ni ubunifu mzuri mno, ila kizazi kinajua mfuatano tu, kalenda hakiijui. (-1) ni faili iliyotangulia, na huenda isiwe ya jana. Kazi ya Jumanne ikikwama na isirudiwe, ile ya Jumatano ikishamalizika (-1) itakupa faili ya Jumatatu bila kunung'unika, na salio la akaunti lililomo litapokewa kana kwamba ni la jana.

Tarehe peke yake nayo haitoshi. Faili hurundikana mpaka mtu azifute, na kazi ikirudiwa siku ileile inakuta jina limeshakaa kwenye katalogi. Mafundi ninaowaheshimu huviachia vizazi kazi ya kila usiku, huandika tarehe kwenye rekodi ya kwanza ya faili, na programu inayosoma hugoma kuendelea tarehe isipolingana. Mwisho wa mwezi hunakili faili kwenye jina lenye tarehe, mbali na kikomo cha vizazi. Mkaguzi akiiulizia Novemba, hata aliyeajiriwa Septemba ataipata kwa kuisoma orodha tu.

Swali gumu kuliko yote ni tarehe ipi iandikwe. Siku ya hesabu za benki haikatiki saa sita usiku. Kazi iliyoanza saa sita kasoro dakika kumi ina hatua zitakazomalizika kabla ya saa sita na nyingine baadaye. Kila hatua ikiiuliza saa ya mashine, faili za usiku mmoja zitabeba tarehe mbili. Ndiyo maana fundi huiandika tarehe ya biashara mara moja tu, kwenye faili ndogo, kabla kazi ya kwanza haijaanza. Hatua zote husoma hapo, hata ile iliyoanguka ikaanzishwa upya alfajiri.