Mikono Inayofika Shingoni

Mgonjwa wa Logiri, Uganda, mwenye uvimbe katika pingili za shingo hupitia Arua, huvuka Nile pale Pakwach, hadi hospitali ya Mulago, Kampala. Huko daktari mpasuaji huchagua njia. Uvimbe ukiwa mbele, hupasua ubavuni mwa shingo, akisogeza bomba la hewa na umio upande mmoja, mshipa mkubwa wa damu upande wa pili. Ukiwa nyuma, mgonjwa hulazwa kifudifudi, mfupa ukaondolewa. Kisha uvimbe hubanduliwa kidogo kidogo, kwa saa nyingi, neva zisiguswe: kosa dogo laweza kuondoa nguvu za mikono, hata pumzi. Baadaye wauguzi humgeuza usiku kucha. Mmoja kichwani, wengine mabegani na nyongani, shingo isipinde. Hao nawaheshimu mno.